Kiswahili Kitakudanganya: kwa Mtafiti Mgeni Anayeingia Moshi

Ukitokea Nairobi, Mombasa au Kampala kuja kukusanya data za afya Moshi, kosa la kwanza ni kujiona hujatoka nyumbani. Umevuka mpaka wa Holili, lugha ni ileile, chai ni ileile. Lakini muhuri wa uhamiaji unaokuruhusu kutembea haukuruhusu kumtoboa mtu kidole. Utafiti wa afya unataka kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), mgeni anaongeza kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), kisha kibali cha ukaazi. Tafuta mshirika katika taasisi ya hapa kabla hujajaza fomu yoyote. Na sampuli haivuki mpaka bila mkataba wa kuhamisha sampuli. Matone ya damu yaliyokauka kwenye karatasi nayo ni sampuli, hata kama yanaingia ndani ya bahasha.

Kisha huja ngazi ya barua: mkoa, wilaya, halmashauri na mganga mkuu wake, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Kila meza hubaki na nakala, kwa hiyo toa nakala kumi. Ukiruka meza hutagombezwa. Utakaribishwa kiti, utasikilizwa kwa adabu zote, halafu utarudishwa mjini, na siku imekwisha.

Sasa lugha. Dodoso lililoandikwa kwa Kiswahili cha Nairobi lijaribiwe hapa upya, hata kama lilishajaribiwa huko. Mkenya akisema ana homa, mara nyingi anamaanisha mafua. Hapa homa ni mwili kuchemka, na kwa wengi ndiyo malaria yenyewe. Ukiuliza "umepata homa wiki mbili hizi?" bila kuainisha, utavuna idadi mbili tofauti kutoka kwa wahoji wawili. Andika "mwili kuwa na joto kali", "kuhara", "mafua", kila kimoja peke yake. Dawa ya malaria iite "dawa mseto", maana jina refu la kidonge halijulikani na wengi. "Juzi" ni ya kuogopwa zaidi: kwa mmoja ni siku moja kabla ya jana, kwa mwingine ni wakati wowote mwezi huu. Beba kalenda yenye Jumapili na sikukuu zilizowekewa alama, mhojiwa aoneshe kwa kidole.

Saa nazo. Mama akisema amekula saa mbili, na mhoji anayefikiri kwa Kiingereza akaandika 2:00, mtu aliyekunywa uji asubuhi anaingia kwenye orodha ya waliofunga kula. Hakuna programu itakayolikamata kosa hilo. Wahoji waandike saa kama ilivyotamkwa, pamoja na asubuhi au jioni, na tableti ndiyo igeuze.

Isitoshe, wazee wa juu mlimani Kilimanjaro hustarehe zaidi kwa Kichaga, na Kichaga si kimoja. Msaidizi wa Machame ukimpeleka Rombo atabaki anatabasamu tu. Ajiri mtu wa hukohuko, ila asiwe jirani wa nyumba anazohoji ikiwa maswali yako yanagusa VVU, pombe au ugomvi wa ndoa.

Salamu hazifupishwi. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, ngoja marahaba, uliza habari za nyumbani, kaa ukikaribishwa, ndipo utaje kazi. "Nipe mkono" ni amri, sema "naomba". Vijana stendi watakuita Mangi, yaani chifu kwa Kichaga, nawe utafurahi, lakini kwenye mahojiano tumia baba, mama, babu, bibi. Majina yenyewe yana mtego: kitongoji kizima kinaweza kuwa cha ukoo mmoja, akina Mushi au akina Massawe, na Mama Aika wakawa watatu. Namba ya mshiriki, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama yake mzazi ndivyo vitakavyokuokoa kwenye ziara ya pili.

Ridhaa ipange asubuhi. Mchana kuna mbege, pombe ya ndizi, na aliyekwisha kunywa haweki saini yenye maana. (Ukikaribishwa wewe, sema uko kazini, anayekukaribisha ataelewa.) Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako. Penye ugumu ni watoto. Nyumba nyingi utamkuta bibi na wajukuu, wazazi wako Dar es Salaam au Arusha. Je, bibi anaweza kumridhia mjukuu? Jibu liwe limeandikwa kwenye andiko la utafiti kabla hujafika, si kuamuliwa na mhoji aliyesimama mlangoni huku mvua inanyesha.

Mvua hiyo ni masika, Machi hadi Mei. Njia za migombani huteleza na bodaboda hukataa kupanda. Huo ndio wakati ambao watu wa juu wengi wako chini, kwenye mashamba yao ya mahindi tambarare. Familia ina kihamba (nyumba na migomba yake) juu na shamba chini, na wengine hulala hukohuko shambani. Ukimpata Kibosho, huko juu, mtu mwenye malaria, usiandike kuwa maambukizi yametokea Kibosho kabla hujauliza alilala wapi usiku wa wiki mbili zilizopita. Desemba ndiyo mbaya kuliko yote: Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, nyumba ya watu wanne inakuwa na kumi na tano. Orodha ya kaya ikiandikwa wiki hiyo, Januari nusu ya washiriki wako hawapo. Na kukiwa na msiba, kitongoji kizima kiko msibani. Ahirisha, nenda ukatoe rambirambi, rudi wiki inayofuata.

Damu sasa, maana hapa ndipo pesa hupotea. Waambie watu kiasi kwa kipimo wanachokijua: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Hofu ya mumiani haijafa, na tyubu tatu mezani huonekana ndoo. Tyubu ya EDTA (kizuia damu kuganda) igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Ya seramu, yaani maji ya damu, isimame wima dakika 30 hadi 60 igande kabla ya kuzungushwa kwenye mashine ya kuyatenganisha. Juni na Julai huko juu asubuhi ni baridi kweli, na damu huchelewa kuganda, kwa hiyo usikimbilie mashine. Pakiti ya barafu iliyotoka kwenye friza isiguse tyubu. Iache nje mpaka ukiitikisa usikie maji ndani, la sivyo damu iliyoigusa itaganda kwa baridi, chembe zitapasuka na seramu itatoka nyekundu. Matokeo hayohayo utayapata ukiishusha damu ambayo haijatenganishwa kwa bodaboda kwenye mawe. Ni heri utenganishe seramu kwenye zahanati ya juu. Ila piga simu jana yake uulize kama LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti. Mashine isiyo na umeme ni pambo. Matone ya karatasi yakauke kivulini kwa muda wa saa 4 au zaidi, usiku mzima wakati wa masika, kisha yafungwe na vidonge vya kunyonya unyevu.

Kama unapima hemoglobini, andika mwinuko wa kila nyumba. Miongozo ya WHO ya mwaka 2024 inaanza kurekebisha kipimo hicho kwa ajili ya mwinuko kuanzia mita 500, si 1,000 kama zamani, hivyo hata mkazi wa Moshi mjini anahusika. Chukua GPS uwanjani, pasipo kivuli cha migomba.

Nauli ya mshiriki ukiituma kwa simu, usitegemee M-Pesa yako ya Kenya. Sajili laini ya hapa kwa pasipoti. Kabla ya kutuma, uliza namba ni ya nani. Mara nyingi simu ni ya mume au ya mtoto, na ujumbe unaosema pesa zimetoka kwenye utafiti fulani unamfikia mtu ambaye mama huyo hakutaka ajue. Kwa tafiti za siri, lipa taslimu kliniki, asaini, na daftari la malipo lisikae begi moja na fomu za majibu.