Barua kwa Mwanangu: Uhai Ulivyozaa Mawe

Mwanangu,

Swali lako la juzi limeninyima usingizi. Uliniambia umesikia mtu akidai kwamba bila viumbe hai sehemu kubwa ya madini yaliyopo duniani yasingekuwepo, ukanibana: "Mama, si wewe uliyetufundisha kwamba jiwe halina uhai? Sasa uhai utazaaje mawe?" Nikakujibu kwa mkato kwamba ni kweli, simu ikakatika. Jibu la namna ile si jibu, ndiyo maana nakuandikia.

Jiwe halina uhai. Hilo silifuti. Lakini tukisema madini, usifikirie dhahabu na almasi tu. Madini ni kitu kigumu cha asili ambacho atomi zake zimejipanga kwa utaratibu maalumu na kemia yake inajulikana. Chumvi ni madini. Barafu nayo ni madini, ukitaka kumtafutia mtu ubishi. Aina zilizokwisha kutambuliwa zimepita 6,000, na kila moja ilihitaji mazingira yake ili itokee: joto fulani, maji kiasi fulani, hewa ya namna fulani. Ukibadilisha mazingira, umebadilisha orodha.

Mwaka 2008 Robert Hazen, mtaalamu wa madini wa Marekani, na wenzake walijaribu kuisimulia orodha hiyo kama historia. Katika vumbi lililotangulia Jua letu waliona aina kumi na mbili hivi, almasi ikiwemo. Katika vimondo aina zikafika kama 250. Sayari yenye volkano, maji na joto la ndani inaweza, kwa hesabu yao, kufikisha aina 1,500 hivi bila msaada wa kiumbe yeyote. Zilizobaki, karibu theluthi mbili ya zote zilizojulikana wakati huo, wakazihusisha na uhai, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Mimi naichukua hesabu hiyo kama makadirio ya watu makini. Hakuna aliyepita mlango kwa mlango kuyahesabu. Ila mwelekeo wake siupingi, na sababu yangu kubwa ni kokoto.

Kule Witwatersrand, Afrika Kusini, kuna kokoto za mito ya kale zilizogandamana zikawa mwamba, zenye umri wa karibu miaka bilioni 2.9. Dunia inazijua kwa dhahabu yake. Lakini ndani yake mna pia punje za pairaiti, yale madini ya chuma na salfa yanayong'aa na kuwahadaa wachimbaji wageni, na punje za madini ya urani. Baadhi zimeviringika, yaani zilisukumwa na maji na kusuguana njiani. Hebu jaribu leo kuiacha pairaiti kwenye mto wenye hewa safi kwa muda mrefu: itashika kutu na kumomonyoka. Urani nayo itayeyuka na kwenda na maji. Kama punje zile zilisafiri mtoni na kufika salama, maana yake mito ile ilipita chini ya anga lisilo na oksijeni ya kutajika. Nilipolielewa hilo mara ya kwanza nilikaa kimya kitambo. Punje ya mchanga imetunza habari ya hewa ambayo hakuna pua iliyowahi kuivuta.

Kisha hewa ikabadilika, kiasi cha miaka bilioni 2.4 iliyopita. Waliofanya hivyo ni bakteria wadogo wa majini waliojua kutumia mwanga wa jua kuvunja maji ili wajipatie chakula. Oksijeni kwao ilikuwa taka tu. Kwa muda mrefu taka hiyo haikufika mbali, maana bahari ilikuwa imejaa chuma kilichoyeyuka, na chuma kikikutana na oksijeni hugeuka kutu na kuzama. Tabaka juu ya tabaka, kutu ile ikawa miamba ya mistari myekundu na ya kijivu ambayo sasa inachimbwa Hamersley kule Australia na Minas Gerais kule Brazili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chuma kinachoyeyushwa viwandani leo ilitandazwa chini ya bahari za kale, na viumbe wasioonekana kwa macho walikuwa na mkono mkubwa ndani yake.

Oksijeni ilipozidi, ikapanda angani na kuanza kuishughulikia miamba ya nchi kavu. Shaba, urani, manganizi na metali nyingine zikapata maumbo mapya kwa maelfu. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Oklo, Gabon. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba urani iliyotoka huko ilipungukiwa kidogo na ile aina inayotumika kuzalisha nishati ya nyuklia: asilimia 0.717 badala ya 0.720. Tofauti ndogo, lakini kwa urani haitakiwi kuwepo kabisa. Ikabainika kwamba miaka karibu bilioni 2 iliyopita urani ile ilijiwasha yenyewe chini ya ardhi, ikafanya kazi kama mtambo wa nyuklia na kuila sehemu ya aina hiyo. Ilikusanyikaje pale? Maji yenye oksijeni yaliiyeyusha, yakaibeba, kisha yakaitua penye mabaki ya viumbe yaliyoinyang'anya oksijeni. Bakteria wametia mkono mwanzo wa safari na mwisho wake.

Usidhani lakini kwamba uhai ndio uliotoa tu. Ulianza kwa kukopa. Wako wataalamu wanaoamini kwamba kemia ya kwanza ya uhai ilifanyika kwenye chemchemi za sakafu ya bahari, juu ya madini ya chuma na salfa. Wengine wanabisha, na ubishi haujaisha. Lisilobishaniwa ni kwamba seli zako mpaka sasa zina vifundo vidogo vya chuma na salfa vinavyopitisha elektroni ili upate nguvu. Bakteria wanaonasa nitrojeni kutoka hewani wengi wao hutumia molibdenamu, metali iliyokuwa adimu baharini mpaka oksijeni ilipoanza kuing'oa kwenye miamba. Unaona mzunguko? Uhai ulichafua hewa, hewa ikala mwamba, mwamba ukaulisha uhai.

Baadaye sana wanyama wakajifunza kujijengea mawe mwilini: makombe, matumbawe, mifupa. Meno yako ni madini ya kalsiamu na fosforasi. Na ile chaki nyeupe ya majabali ya Dover, kule Uingereza, ni magamba ya mwani wadogo mno, yaliyorundikana kwa mamilioni ya miaka na kufungia kaboni ndani yake. Hapo pana barua nyingine nzima. Leo mkono umechoka.

Nimalizie na deni. Lile jiwe la kijani ulilolichomoa kwenye sanduku langu ukiwa mdogo, ukaapa hukuliona, ni malakaiti: shaba iliyokutana na oksijeni, maji na kaboni. Katika dunia ya zile kokoto za Witwatersrand lisingekuwepo. Najua bado unalo. Ukija, njoo nalo.

Mama yako