Ningemuuliza Dokta Livingstone kuhusu bawasiri yake

Swali lenu la wiki hii linasema, ukipewa dakika moja tu na mtu wa historia ambaye ameshakufa, utamuuliza nini? Najua wengi mtamchagua Nyerere au Mkwawa, sawa, ila mimi dakika yangu naipeleka kwa David Livingstone, na swali langu mnisamehe sana maana wengine mnasoma mkiwa mnakula. Ningemuuliza: Dokta, wewe na elimu yako yote, kwa nini ulikataa kufanyiwa upasuaji wa bawasiri?

Ngoja nieleze kabla hamjanicheka. Mimi ni nesi na nimezaliwa Ujiji, kwetu huyu mzungu humkwepi, mnara upo, makumbusho yapo, na miembe ipo ambayo tunaambiwa ni vizazi vya ule ambao Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alimkuta chini yake mwaka 1871. Shuleni nako tukafundishwa kwenye orodha ya mawakala wa ukoloni, wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara, unakariri unajibu mtihani unasahau. Kwamba alikuwa daktari wa ukweli nilikuja kulijua nimeshavaa yunifomu nyeupe, tena kwa kujisomea.

Na udaktari wake hakupewa mezani. Alizaliwa Blantyre kule Uskochi 1813, familia ya kimaskini, akiwa na miaka 10 tu anafanya kazi kiwanda cha pamba kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, kitabu kakiegesha kwenye mashine anasoma mstari mstari huku anaunga nyuzi. Akasoma udaktari Glasgow, leseni akaipata 1840, na hata hapo nusura wamfelishe kwa sababu alibishana na watahini kuhusu stethoskopu, kile kifaa cha kusikilizia kifua, ambayo enzi hizo ilikuwa kitu kipya (hapo nilimpenda, kila darasa la uuguzi lina mtu wa hivyo). Mwisho wa mwaka huohuo yupo melini anakuja kusini mwa Afrika.

Kwenye uinjilisti wenyewe, tuseme tu ukweli, mavuno yalikuwa haba. Mtu anayetajwa siku zote ni Sechele, chifu wa Wakwena kule Botswana ya leo, alibatizwa 1848 na baada ya muda mfupi Livingstone akamsimamisha kwa kumpa ujauzito mmoja wa wake zake aliokuwa ameshawaacha. Lakini kwenye malaria alikuwa mbele ya wenzake wengi. Alitengeneza vidonge vyake mwenyewe, kwinini ikichanganywa na dawa kali za kuendesha tumbo, na jina alilovipa kwa lugha yao lina maana ya kitu cha kukuamsha kitandani, na kwa mchanganyiko ule lazima uamke kwa kweli, choo kikuite. Vilisaidia watu wake wengi ila havikuwa muujiza, mke wake Mary alikufa kwa homa pale Shupanga kwenye mto Zambezi 1862, mumewe daktari kakaa pembeni ya kitanda hana la kufanya. Yeyote aliyewahi kumuuguza ndugu yake mwenyewe wodini anajua hiyo hali ikoje.

Sasa turudi kwenye swali langu. Mwaka 1864 karudi Uingereza, anaumwa bawasiri ya siku nyingi inatoa damu, akaonana na daktari bingwa wa upasuaji kule Edinburgh, akashauriwa vizuri kabisa kwamba hii ikatwe. Akakataa. Sababu mojawapo ni kwamba aliogopa habari itaingia kwenye magazeti na hakupenda watu waongelee maradhi yake. Jamani! Nilivyosoma pale nilicheka peke yangu halafu nikanyamaza, maana huyo mwanaume namjua, namuona kila wiki. Anakuja anakaa anakwambia tumbo linasumbua, mgongo unasumbua, unamuuliza hiki na kile dakika kumi nzima, akishaona mlango umefungwa ndo ananong'ona, sista, kuna kinyama huku nyuma. Umri wa baba yangu, anaona aibu kuniambia mimi mtoto. Mwingine akiona nesi ni mwanamke anageuza anaondoka zake kwenda kununua dawa ya kupaka kwa mmachinga.

Basi Livingstone akarudi Afrika na bawasiri yake, akaanzia Zanzibar 1866, safari hiyo hakurudi tena. Januari 1867 wapagazi wakatoroka na sanduku la dawa, lote, na kwinini ndani, akaandika kwamba alijisikia kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Kuanzia hapo daktari amegeuka mgonjwa wa watu. Alipopata nimonia 1869 waliombeba mpaka kufika Ujiji ni msafara wa Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa Kiarabu, na biashara hizo za misafara mnazijua, ndo hizohizo za utumwa alizokuwa akizipigia kelele, lakini dawa alipokea na machela akapanda. Kule Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, nako miguu ikaota vidonda vibaya, kilichokuja kumsaidia ni lile jiwe la kijani la shaba linasagwa na maji linapakwa kwa unyoya. Hiyo kwenye mitaala ya Glasgow haikuwepo.

Mwisho wake ni Aprili 1873, kwenye mabwawa ya Bangweulu, Zambia ya leo. Tarehe 10 aliandika kwamba amepauka na hana nguvu, damu inamtoka nyingi tangu 31 Machi. Miaka tisa baada ya kukataa kile kisu! Kuhara damu nako kulikuwepo na malaria pia, sisemi ni bawasiri peke yake. Watu wake walipomfikisha kijiji cha Chitambo akafariki alfajiri ya 1 Mei, na ili mwili uweze kusafiri ilibidi utolewe vya ndani, moyo ukazikwa pale chini ya mti. Aliyepasua alikuwa Farijala, kijana aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar, akakuta ubavuni bonge la damu iliyoganda ukubwa wa kiganja. Yaani upasuaji alioukimbia Edinburgh kwa kuogopa magazeti akaja kufanyiwa na Farijala porini, na magazeti yakaandika vilevile.

Kama mhariri utaniongezea nusu dakika nitaenda kwa Susi, mtumishi wake, yule aliyekuwa naye kibandani usiku ule wa mwisho. Maana mgonjwa alipoanza kuchanganyikiwa alimuuliza Susi kwa Kiswahili, siku ngapi kwenda Luapula (ule mto), na Susi akajibu, nadhani siku tatu, bwana. Ningetaka kujua Susi aliitoa wapi ile sauti ya kumjibu.