Kuhamia Dubai na watoto wadogo

Dada, umeuliza iwapo mwandamane nyote Dubai mwezi Julai, mume wako anapoanza kazi, ilhali una mtoto wa miaka 2 na mwingine wa miezi 5. Nakusihi umwache baba atangulie nanyi mfuate Oktoba, kwa sababu kuanzia Juni hadi Septemba joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 40, na usiku, tofauti na hapa Nairobi tunapojifunika blanketi mbili Julai hiyo hiyo, hewa haipoi. Sisi tulifika Agosti. Bomba la maji baridi lilitoa maji ya moto kutoka tangi la juu ya paa, nami nikawa nikiyakinga kwenye beseni tangu asubuhi ili yapoe kabla ya kumwogesha mtoto jioni.

Muda wa kusubiri utumie kuthibitisha vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa katika Wizara ya Mambo ya Nje na katika ubalozi wa Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ilimo Dubai, maana bila mihuri hiyo viza za familia hukwama. Tengeni pia akiba ya kodi, kwani wenye nyumba wengi huko hudai hundi ya miezi kadhaa kwa mkupuo.