Kwa wanaokuja Likasi na sisi kwa mara ya kwanza

Wadogo zangu, karibuni. Mmesema mnataka kuja nasi Likasi, na wengine wenu hamjawahi kupita kilomita hamsini juu ya kinga, yaani baiskeli. Kutoka Lubumbashi ni kilomita kama 120. Tunaenda Jumamosi, tunalala, tunarudi Jumapili. Nimeipita njia hii mara nyingi, nimeona watu wakiharibikiwa, na mara chache sana kilichowaharibu kilikuwa kilima au jua la saa saba. Wengi waliharibikiwa saa ya kwanza, walipokuwa bado wanajisikia vizuri kabisa. Mwili huchelewa kusema. Kiu ikikufikia, maji yamekwisha kupungua. Njaa ikikuuma juu ya kinga, chakula utakachokula wakati huo kitachukua muda kufika miguuni. Kwa hiyo karibu yote ninayowaambia hapa ni mambo ya kufanya kabla hujasikia haja ya kuyafanya.

Jumamosi tutatoka pale Posta mjini asubuhi na mapema. Miguu ni mipya, barabara bado haina malori mengi, na upepo unatusukuma mgongoni. Huo upepo ndio ninaotaka muujue. Wakati wa kiangazi, huku kwetu upepo mwingi hutoka kusini-mashariki, na Likasi iko kaskazini-magharibi. Utajikuta unakwenda kilomita 30 kwa saa na unajisikia shujaa. Usiiamini hiyo namba. Jumapili upepo uleule utakuwa usoni kwako, na miguu uliyoichoma Jumamosi ndiyo utakayorudi nayo.

Kipimo changu ni mazungumzo. Ongea na aliye kando yako. Ukiweza kumaliza sentensi nzima bila kukata pumzi, uko sawa. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, punguza, hata kama wenzako wanaonekana kuwa wepesi. Tumia gia nyepesi na zungusha pedali haraka, mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika, badala ya kukanyaga gia nzito kwa nguvu za mapaja. Kwenye mpando usimfukuze mtu. Mwache aende. Tunangojana juu, ndiyo desturi yetu, na hakuna atakayekusema.

Angalieni pia wale baba na vijana wanaoleta makala, yaani mkaa, mjini. Mtakutana nao kukipambazuka, wanatoka porini na magunia yamepangwa juu ya kinga hadi yamempita mtu kwa urefu. Nimewatazama miaka mingi. Kwenye mpando wanashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia, hatua ileile kutoka chini mpaka juu. Hawaongezi mwendo wanapotazamwa. Mimi nilijifunza kupanga nguvu kwao kabla sijajifunza kwa mtu mwingine yeyote. Wasalimieni, na muwapishe kwa nafasi kubwa, kwa sababu mzigo ni mpana na breki zao haziwezi kuusimamisha ghafla.

Ukiwa nyuma ya mwenzako unapunguza kazi yako kwa karibu robo, mara nyingine theluthi, maana yeye ndiye anayeupasua upepo. Mara ya kwanza acha nafasi ya urefu wa kinga moja mpaka uzoee, wala usiruhusu gurudumu lako la mbele likae kando ya gurudumu la nyuma la mwenzako. Akiyumba kidogo tu, wewe ndiye utakayeanguka. Zamu yako ya kuongoza ikifika, shika mwendo uleule uliokuta. Wageni karibu wote hukosea hapo: wanafika mbele, wanataka kuonyesha kwamba wanaweza, wanaongeza kidogo, na aliye wa mwisho analazimika kukimbia ili asiachwe. Dakika tatu mbele zinatosha, halafu jitoe. Ukiona shimo, onyesha kwa mkono na upige kelele. Malori ya madini yakija, tunakaa mstari mmoja, unashika usukani kwa nguvu na hugeuki nyuma, kwa sababu upepo wa lori unasukuma kwanza halafu unavuta.

Sasa chakula, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mnajua mbabula, jiko la makala. Mama haongezi makala moto ukishazimika. Anaongeza wakati bado ni mwekundu. Sukari iliyo akiba katika misuli na ini inatosha kwa saa moja na nusu hadi mbili za kazi ngumu. Kwa mwendo wetu, Likasi ni saa tano na nusu au sita. Fanyeni hesabu wenyewe.

Safari yangu ya kwanza sikuifanya hiyo hesabu. Nilikunywa chai, nikabeba ndizi nne, na sikugusa hata moja kwa sababu sikuwa na njaa. Tulipoipita Lwisha, iliyo njiani kabla ya Likasi, nilianza kuhisi baridi, jua likiwa utosini. Nikawa natazama mstari mweupe wa barabara na sioni kitu kingine. Mwenzangu aliniuliza kitu mara mbili, nikamsikia, jibu likakosa njia ya kutoka. Nilipotaka kufungua mfuko wa ndizi vidole vilikataa kukamata zipu. Alinikalisha kwenye majani, akanimenyea ndizi kama mtoto, akaninywesha Fanta ya moto aliyokuwa nayo mkobani. Baada ya dakika ishirini rangi za miti zilirudi. Sisi tunasema mtu amezima, na sitaki hata mmoja wenu azime.

Kwa hiyo: anza kula dakika ya thelathini, si ya tisini. Endelea kila nusu saa, kidogo kidogo. Anayeanza anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja iliyoiva, ya ukubwa wa kawaida, ina kama gramu 25, basi ndizi mbili kwa saa zinakutosha, au moja pamoja na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa na kutiwa chumvi. Viazi hivyo mimi navipenda kuliko biskuti zote, havibomoki mfukoni na havimchoshi mtu mdomo. Kalanga ni chakula kizuri lakini mafuta yake hukaa tumboni. Hizo ni za jioni. Bukari, yaani ugali, kula Ijumaa usiku, kula sana. Asubuhi ya safari usile bukari na sombe (majani ya muhogo), tumbo litakusumbua. Mkate na chai ya sukari, au uji, saa mbili kabla ya kuondoka, vinatosha.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Kiangazi hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anasema hatoki jasho huku shati lake lina mistari myeupe ya chumvi. Changanya katika lita moja vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ni ule mchanganyiko wanaopewa watoto wenye kuharisha. Maji matupu peke yake, tena mengi kupita kiasi kwa saa nyingi, hupunguza chumvi ya damu, na hiyo ni hatari ya kweli. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, tutakunywa tukishafika. Ya njiani, kwenye kopo usilolijua, iache.

Kuhusu nguo, watu huja wamevaa kwa ajili ya Posta badala ya kuvaa kwa ajili ya barabara. Mji wetu uko mita kama 1,200 juu ya bahari, na alfajiri za mwezi wa sita na wa saba zinaweza kushuka chini ya nyuzi 10, halafu mchana zikapita 25. Ukivaa mpaka usikie joto ukiwa umesimama, baada ya kilomita tano utakuwa umelowa, na jasho hilo ndilo litakalokutia baridi. Uanze ukitetemeka kidogo. Vaa shati jepesi lisilo la pamba, juu yake koti jembamba linaloingia mfukoni, na kifuani, chini ya koti, ukurasa wa gazeti. Gazeti linazuia upepo kabisa, na jua likipanda unalitoa. Glavu msisahau, vidole vilivyokufa ganzi havivuti breki.

Kaputula ya kinga yenye sponji huvaliwa bila nguo ya ndani. Najua wengine mnaona haya. Lakini mshono wa nguo ya ndani, ukisuguliwa saa tano palepale, unachana ngozi kama uzi wa kukatia sabuni, na Jumapili hutaweza kukaa. Pakeni vaselini. Wala usije na kaputula uliyoinunua juzi, wala kiti ulichokibadilisha jana.

Miwani kwa ajili ya vumbi, jile (kizibao) lenye kung'aa ili madereva watuone, mpira wa ndani wa akiba na pampu yako mwenyewe. Vijijini utapata kwado, fundi wa kuziba mipira, lakini si kila kwado ana mpira wa kipimo chako.

Mwenye homa au kifua abaki nyumbani, tafadhali. Barabara haihami.

Jumapili, wenye nguvu watakaa mbele na ninyi wapya mtakaa katikati, hata kama miguu inawaambia vingine. Hakuna zamu kwenu mpaka Lwisha. Anayeanza kuachwa aite "polepole" nafasi ikiwa bado ni mita mbili. Zikifika ishirini, na upepo usoni, hakuna atakayemsikia.