Tekscha isimeze herufi: ninavyotengeneza maandishi ya katuni

Mara ya kwanza nilipotengeneza maandishi ya katuni yenye tekscha, yaani uso unaoonekana kama mbao, jiwe au ngozi, neno lilikuwa MAMBA. Lilikuwa jina la hadithi ya watoto, nami nilitaka kila herufi ionekane imevaa ngozi ya mamba mwenyewe. Nikatafuta picha nzuri ya magamba, nikaibandika juu ya herufi, nikaongeza kivuli, nikaongeza mng'ao, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi nikalifungua jalada kwenye simu, likiwa dogo kama stempu. Neno halikuonekana. Kulikuwa na doa la kijani lenye vidoadoa. Mtoto anayejifunza kusoma angeanzia wapi hapo?

Tangu siku hiyo nimeirudia kazi hii mara nyingi, na ninachokishikilia ni kwamba tekscha huja mwisho, tena huja kidogo. Mchoraji wa katuni akitaka kuonyesha mti huchora mistari mitatu ya gome upande wa kivuli, basi, jicho lako linamalizia gome lililobaki. Picha ya kamera huleta kila ufa, kila chembe, pamoja na mwanga wake wenyewe. Ukiipachika nzima nzima juu ya herufi, umekutanisha vitu viwili visivyosikilizana.

Kwa hiyo anza na herufi tupu. Tafuta fonti nene yenye maungo manene. Bangers na Luckiest Guy zinapatikana bure Google Fonts na zote mbili zina sura ya katuni tangu mwanzo. Kabla ya kitu kingine, tazama matundu. Katika MAMBA, herufi A ina tundu moja na B ina mawili, na matundu hayo ndiyo yanayomwambia msomaji kwamba hii ni B na siyo 8 wala D iliyovimba. Yakiwa membamba sasa hivi, mstari na kivuli vitayaziba baadaye.

Na kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayaligusi: ritifaa, ile alama ndogo ya juu katika ng'. Andika NG'OMBE kwa fonti nene, uizungushie mstari, halafu uangalie ile ritifaa. Mara nyingi imemezwa na mabega ya G na O, na neno linasomeka NGOMBE. Mimi huitenga ritifaa kwenye leya yake, yaani tabaka la picha linalohaririwa peke yake, naikuza karibu nusu zaidi, naipandisha juu kidogo na kuziachanisha G na O ili ipate nafasi ya kupumua. Jalada la mtoto lenye tahajia iliyopotea linaniuma kuliko rangi mbaya.

Fanya kazi kwenye turubai kubwa. Mimi huanza na upana wa pikseli 3000 hata kama picha itaishia kuwa ndogo, kwa sababu kupunguza ni salama na kukuza huharibu. Nakili leya ya maandishi, ile ya asili uifiche, kisha nakala uigeuze kuwa umbo. Kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha ninayoitumia, ni kubofya kulia na kuchagua Convert to Shape. Sasa kila herufi inashikika peke yake. MAMBA ina M mbili na A mbili, na zikifanana kabisa kila mtu atahisi kwamba ni mashine iliyoandika, hata kama hataweza kusema kwa nini. Inamisha M ya kwanza kushoto kidogo, ya pili iache imesimama lakini ivute mguu mmoja chini. A ya mwisho iwe pana zaidi. Zisogeze zibanane, moja ikanyage ukingo wa nyingine. Hapa sipendi haraka. Naweza kukaa saa nzima nikisogeza herufi tano, maana neno likishakuwa na uhai likiwa na rangi moja tu, nusu ya kazi imekwisha.

Mstari wa kuzunguka ni rahisi. Chagua Stroke, pikseli 25 hadi 30 kwa turubai ya ukubwa huo, nao ukae nje ya herufi, yaani Outside. Ukikaa nje, pembe zinakuwa za mviringo, na huo ndio ulaini wa katuni; ukikaa ndani, pembe zinabaki kali. Kwa rangi, badala ya nyeusi tupu mimi hutumia kijani kilichoiva sana hadi kinakaribia nyeusi. Kisha naongeza mstari wa pili mweupe nje ya huo. Tangu Photoshop CC 2015 unaweza kuweka Stroke zaidi ya moja kwenye leya ileile.

Sasa mwanga, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Amua mwanga unatoka wapi, juu kushoto kwa mfano, na usibadilishe tena. Bevel & Emboss, athari inayozipa herufi mwinuko, inavutia kwa sababu ni ya haraka, lakini kingo zake laini huipa herufi sura ya plastiki iliyopulizwa. Katuni hupenda kivuli chenye ukingo mkali, rangi mbili zinazokutana bila kuyeyushana. Fungua leya mpya juu ya herufi, uifunge kwenye herufi kwa Ctrl+Alt+G (kwenye Mac ni Command+Option+G) ili rangi isitoke nje ya herufi, uiweke kwenye modi ya Multiply, inayotia giza rangi zilizo chini yake, kisha kwa brashi ngumu upake kivuli upande wa kulia na chini wa kila mguu wa herufi. Mng'ao ni kipande kifupi cheupe juu kushoto, chenye ncha za mviringo, na pengine nukta moja pembeni yake.

Sasa tulete magamba. Kama unaweza, piga picha mwenyewe: gome, gunia, ukuta uliobanduka rangi. Ipige siku ya mawingu, maana jua kali litakuletea vivuli vyenye mwelekeo wao. Iondoe rangi ibaki kijivu. Halafu fanya kile ambacho sikukifanya mara ya kwanza: punguza ngazi za weusi na weupe. Posterize ikiwekwa ngazi 3 huigeuza picha ya magamba kuwa kitu kinachofanana na mchoro wa wino. Ghafla tekscha na herufi zinazungumza lugha moja. Ifunge kwenye herufi kama ulivyofunga kivuli, modi iwe Soft Light au Multiply, na Opacity, yaani kiasi leya inavyoonekana, ishuke hadi kati ya asilimia 20 na 40.

Usiishie hapo. Weka maski, yaani pazia linaloficha sehemu za leya bila kuziharibu, kwenye leya ya tekscha na uanze kufuta kwa brashi nyeusi. Futa yote penye mng'ao. Futa sehemu kubwa ya katikati. Acha magamba yaonekane wazi penye kivuli, yapungue kadiri yanavyokaribia mwanga, na mwishoni yabaki mawili matatu yaliyotawanyika. Kwenye B ya MAMBA niliacha magamba chini ya tumbo la chini tu, na kundi dogo pale matumbo mawili yanapokutana. Ilitosha, hiyo B ina ngozi kuliko ile ya kwanza iliyojaa magamba kutoka juu hadi chini. Tena igeuze picha ya tekscha kwa kila herufi, vinginevyo gamba lilelile litajitokeza mahali palepale kwenye A zote mbili.

Ukikosa tekscha inayofaa, tumia nukta. Zinaitwa nukta za Ben Day, kwa jina la Benjamin Day, mchapaji wa Marekani aliyebuni njia hiyo mwaka 1879 ili wino chache zitoe rangi nyingi kwa gharama ndogo, na magazeti ya katuni yakazizoea. Kwenye Photoshop, kichujio cha Color Halftone kikiwekwa juu ya kijivu kinachofifia, pembe zote zikiwa 45, kitakupa nukta safi za kutandaza kwenye kivuli.

Wanaotumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, wasijione wameachwa. Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 linaruhusu vichujio kukaa kwenye leya bila kuiharibu. Mstari wa kuzunguka unaupata kwa Alpha to Selection (inayoteua umbo la herufi), kisha Grow (inayopanua uteuzi huo), kisha unajaza rangi kwenye leya iliyo chini ya herufi. Tekscha inabanwa kwa maski iliyotengenezwa kutokana na uteuzi huohuo.

Kila baada ya hatua, punguza picha hadi upana wa pikseli 120 na uisome. Kisha itazame bila rangi. Neno likipotea kwenye jaribio lolote kati ya hayo mawili, zima leya moja moja kutoka juu. Utaona iliyolimeza, na mara nyingi ni tekscha.

Wakati wa kuhifadhi, baki na faili yenye leya zote, na kwa matumizi toa PNG. JPEG huacha takataka za pikseli kandokando ya kingo kali, na kazi hii yote ni kingo kali. Na ukitaka kulikuza neno zima ndani ya Photoshop, likusanye kwanza kuwa Smart Object, yaani kifurushi kimoja kinachokua pamoja na mistari yake. Usipofanya hivyo herufi zitakua, lakini mstari wa pikseli 30 utabaki pikseli 30, na MAMBA uliyemnenepesha kwa saa tatu atakonda mbele ya macho yako.