Kiwambo cha seli si kiwambo cha ngoma

Mitihani ya kidato cha sita ikikaribia, vijana wa mtaani kwetu hapa Wete huja barazani na madaftari ya baiolojia. Mwalimu, hiki kiwambo cha seli tukikariri vipi? Wanangu, msikikariri. Ni utando mwembamba unaoizunguka seli. Mimi nilikariri: safu mbili za fosfolipidi, yaani molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia, vichwa nje, mikia ndani, protini humo humo. Mchoro nikaupata. Lilipokuja swali la kwa nini bitiruti huyatia rangi zaidi maji ya moto kuliko ya baridi, sikuwa na la kuandika.

Kilichonipoteza ni jina. Ukisikia kiwambo unaona ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, imekaza na kutulia. Cha seli hakikuwambwa. Mwaka 1972 wanasayansi Singer na Nicolson walikieleza kuwa ni mafuta yanayoteleza, protini zikielea ndani yake. Na ni chembamba mno: unene wake ni nanomita 7 hivi, kwa hiyo ungepanga zaidi ya laki moja ndipo upate milimita 1.

Tazama chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe: yameganda meupe. Ya alizeti, hapo hapo kabatini, bado yanamwagika. Mikia ya mafuta ya nazi mingi imenyooka, hivyo hulaliana; ya alizeti ina vipindo, haikai pamoja. Kiwambo nacho hulegea au kukaza kwa mikia hiyo hiyo. Oksijeni hupenya kwenye mafuta bila taabu, chumvi hukwama mpaka protini iifungulie njia.

Sasa ingia jikoni. Kata bitiruti vipande vya ukubwa mmoja, uvioshe mpaka maji yatoke safi, maana kisu kimeshapasua seli za pembeni na rangi yake itakudanganya. Weka bilauri tatu: ya maji ya mtungi, ya maji yanayochemka, na ya katikati uichanganye nusu kwa nusu, upate nyuzi 60 hivi. Tia vipande, ngoja robo saa.

Rangi ile inakaa ndani ya vakuoli, kifuko kilichomo ndani ya seli, na vakuoli ina kiwambo chake. Ili itoke lazima ivuke viwambo viwili, cha vakuoli na cha seli. Joto huzifanya molekuli za mafuta zihangaike, protini nazo zikapoteza umbo, mipaka yote miwili ikavuja.

Hapa ndipo nimeona vijana wazuri wakipoteza alama. Wanaandika kwamba joto limepasua ukuta wa seli. Ukuta wa seli, ulio nje ya kiwambo, haukuwa umeizuia rangi hata kidogo. Ni kama juya, maji na rangi hupita tu. Mlinzi ni kiwambo, kiandike kwa jina.

Kipande cha mwisho kitie kwenye spiriti ya duka la dawa, mbali na jiko, bila kupasha moto. Rangi itatoka vile vile. Ukija barazani, njoo na sababu yake umeshaiandika.