Goti limeshonwa, mguu bado uko juu

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume aina ya Rottweiler, anaitwa Bosi, ana miaka 6 na kilo 63. Alikatika kano ya goti la nyuma akikimbiza bodaboda getini, tukampeleka Nairobi akafanyiwa upasuaji. Sasa ni wiki ya sita. Kidonda kimefunga, anakula, anabweka, ila akitembea anatumia miguu mitatu. Akisimama kwenye bakuli namwona anagusisha vidole chini. Mume wangu anasema tumfungulie akimbie, mguu utazoea. Jirani anasema nimpe diklofenaki. Nifanyeje?
Mama Bosi, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba, Mama Bosi. Hivyo vidole vya kwenye bakuli ndivyo vilivyonifurahisha. Mguu wenye maumivu makali kwa kawaida haugusishwi chini kabisa. Nadhani Bosi ameshazoea kuishi bila mguu ule, na mbwa akiwa na haraka, mitatu inamtosha.

Ndiyo maana ushauri wa baba Bosi siuungi mkono. Ukimfungulia atakimbia, tena sana, kwa miguu mitatu ileile, na goti ambalo bado linapona linaweza kuharibika upya. Mguu hushuka kwa mwendo wa polepole, kwa sababu hapo kila mguu lazima ungoje zamu yake. Mfunge kamba fupi, mweke ubavuni pako, mtembee kama bibi harusi anavyoingia ukumbini. Majirani watacheka, waache. Akianza kurukaruka ujue umeharakisha: simama, atulie, anza tena. Dakika 5 zinatosha kwa kuanzia, mara tatu kwa siku, na usiongeze mpaka awe anakanyaga karibu kila hatua. Akishazoea tambarare, mpandishe kamwinuko kadogo, maana kupanda kunasukuma uzito nyuma. Ngazi bado.

Ndani kuna malumalu? Nyumba nyingi za huko zinayo, na mbwa mwenye wasiwasi na mguu wake akiteleza mara moja tu, anaukunja. Tandika mazulia ya zamani kutoka anapolala hadi kwenye bakuli, na kucha zake zikatwe.

Kisha mfundishe kukaa na kusimama. Mguu uliopasuliwa uwe upande wa ukuta, karibu kabisa, asipate nafasi ya kuutupa nje anapokaa. Mpe kipande kidogo cha nyama akisimama, si akikaa. Kazi iko kwenye kunyanyuka. Chukua na futi ya fundi cherehani, upime unene wa mapaja yote mawili mahali palepale kila Jumapili. Paja la mguu usiotumika hunywea, na likianza kujaa utaliona kwenye futi kabla hujaliona kwa macho.

Diklofenaki usimpe, wala ibuprofeni. Kwa mbwa hizo hutoboa tumbo na kuua figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama karprofeni, na daktari aliyempasua ndiye wa kukupangia dozi. Mpigie hata hivyo, umweleze uliyoniandikia, kwa sababu yeye anajua alishona nini humo ndani na kama goti liko tayari kwa mazoezi haya.

Kilo 63, mama, ni nyingi. Mpapase mbavu: kama unazitafuta kwa kubonyeza, punguza ugali. Mbwa wengi waliokatika kano goti moja hukatika na la pili baadaye, na kwa sasa hilo la pili ndilo linalobeba mzigo wote.

Akishaanza kukanyaga halafu ghafla akaunyanyua tena, au goti likavimba, likawa la moto, au ukasikia linaalika akitembea, acha mazoezi umrudishe kwa mpasuaji bila kungoja. Huenda uzi umekatika, kuna maambukizi, au gegedu ya katikati ya goti imechanika, na hiyo haitibiwi kwa matembezi.